Hina ya Siku ya Daktari

Juzi wajukuu wangu walipakana hina uani, harufu ikanifikia nikichambua alizeti, nikaikumbuka siku ile ya daktari.

Nilizaliwa na moyo mbovu mimi. Utotoni nilikuwa nikitembea kidogo, nachuchumaa nipate pumzi. Mama alinikataza kabisa kukimbia. Basi pale kijiji cha Ujamaa tulikohamishiwa (nyumba zimenyooshwa kama matuta ya viazi, lakini hayo tuyaache) ikatangazwa kwamba daktari anakuja zahanati kuchagua watoto wa kwenda kupasuliwa moyo, gharama zote zimelipwa. Sisi hatukuwa na hata mbuzi wa kuuza.

Mama akanipaka hina kucha zote, mgeni asije akadhani natoka kwa watu wasiojali watoto.

Daktari alikuwa amechoka, watoto wamejaa hadi nje. Akanishika vidole kutafuta ile buluu ya kucha inayoonyesha ugonjwa wa moyo, akakuta wekundu mtupu wa hina.

"Huyu kaja harusini," muuguzi akacheka.

"Hajambo huyu. Mwingine!" daktari akasema.

"Daktari, nakuomba, mtazame tena."

"Mama, foleni ndefu."

Mama akanivuta hadi mlangoni. "Mwanangu, kimbia hadi kwenye ua ule wa minyaa, urudi."

"Mama, nitakufa."

"Kimbia, nakwambia!"

Nikakimbia. Sikufika. Nilichuchumaa katikati ya uwanja wa zahanati, macho yameingia giza, nikasikia viatu vya daktari vikija mbio na mama akipiga kelele, "Umeona? Umeona sasa? Mwandike!"

Daktari akaniandika huku amenipakata. Mama alikuwa amekaa vumbini.