Siku Maryamu Alipokatwa Nywele

Sisi tuliokulia mtaa wa Kandara, Jeddah, miaka ile mafuta yalipopanda bei na maduka yakafurika vitu, urembo wetu ulikuwa hina, wanja na mafuta ya nazi yaliyotoka Unguja. Mama akinisuka nami nikilia, husema, "Tulia mwanangu, uzuri hauji bure."

Ghorofa ya juu walikaa Waislamu wa Kichina, waliohamia Hijazi zamani kutoka mji mkubwa wa kwao. Maryamu, binti yao, alikuwa rika langu na shoga yangu. Tukipiga soga kwa Kiarabu cha mtaani. Bibi yake, mzaa mama, sote tulimwita Sitti. Miguu yake ilikuwa midogo kama ya mtoto wa miaka minne. Walimfunga vitambaa tangu utotoni ili miguu isikue, maana kwao enzi hizo msichana wa miguu mikubwa haolewi. Alitembea akishika ukuta. Mama yake Maryamu naye, alipokuwa shule huko China, alikata nywele zikaishia masikioni. Kisa hicho alikisimulia kwa majivuno huku akijaza nyama ya kondoo kwenye vipande vya unga uliokandwa.

Tulipofika miaka kumi na mitatu, Maryamu akaona picha kwenye gazeti la mitindo la Beirut, akataka nywele fupi. Mama yake, yule yule, akang'aka.

"Mafi! Hakuna! Nywele ndio uzuri wa mwanamke. Nani atakuoa?"

Maryamu akaangua kilio. Nami nimesimama na sahani ya visheti niliyotumwa kuwapelekea, sijui nitazame wapi.

Sitti akainuka zuliani, akashika ukuta mpaka kwenye cherehani, akarudi na mkasi.

"Ulipokata zako, baba yako alisusa kula nawe mwezi mzima," alimwambia binti yake. "Mimi nikalia. Ulinisikiliza?"

Kisha akamgeukia Maryamu. "Unataka wewe, au linataka gazeti?"

Maryamu akafikiri, akafuta kamasi. "Nataka mimi."

Msuko wa kwanza ukaanguka. Mama yake alisimama mlangoni amenuna, mara akashindwa kuvumilia. "Unakata upande, mama. Nipe hapa." Akamaliza yeye, taratibu, akitabasamu kwa kuiba.

Nikakimbilia nyumbani kuomba na mimi. Mama akanijibu neno moja: "Thubutu!"

Siku hizi Maryamu hunitumia picha za wajukuu zake. Kwa simu wamejing'arisha na kujichonga videvu hata sijui yupi ni yupi. Wangu nao ni vivyo hivyo: kope za kununua, nyusi za kuchora, na hina wanasema inawachelewesha. Juzi nikamwomba Maryamu picha ya mjukuu wake mdogo, isiyochezewa kwa simu. Akanitumia: mtoto ana vidoa puani na macho ya usingizi. Nikaitazama mpaka chai ikapoa. Zamani uso wa rafiki niliujua hata taa zikizimika. Leo inabidi niombe nionyeshwe.