Aliimba Kumi, Wakabaki Kumi

Asubuhi, jua halijapata makali, mlango wa behewa unafunguliwa na Gershom Nguma anafunga kinywa chake.

Wanaume kumi wamejipanga mstari kutoka behewani hadi ndani ya ghala, hapa Changamwe, karibu na stesheni. Gunia la kwanza la unga linashuka. Linapita mkono kwa mkono bila mpango wowote: huyu amenyoosha mikono mapema, yule amechelewa, na la tatu linamwangukia mtu juu ya vidole vya mguu. Mtu huyo anatoa neno ambalo gazeti haliwezi kulichapa.

"Gershom!" anaita nyapara wao, Rama, kutoka kivulini alikosimama na kikombe chake cha kahawa. "Leo pia umemeza ulimi?"

"Koo, Bwana Rama. Lanikwaruza."

"Wiki ya tatu hii lakukwaruza. Hilo ni koo ama ni msumeno?"

Watu wanacheka kidogo. Gershom hacheki. Anainama, anapokea gunia, anampa wa pili wake, na macho yake hayaondoki chini.

Ghalani hapa, Gershom si hamali kama mahamali wengine. Ni mtu wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Rabai, aliyefundishwa kuimba kanisani na kufukuzwa kwaya kwa sababu sauti yake ilizizima nyingine zote. Miaka yote ya vita yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo za genge lake. Kazi ya kupokezana mizigo haiendi bila sauti. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na pale wanapoitikia ndipo gunia linapoondoka mikononi. Ukiondoa wimbo, umebaki na watu wanaorushiana mizigo kama wagomvi.

Sauti yenyewe ina habari zake. Wapo watu wa Miritini wanaoapa kwamba siku moja dereva wa gari moshi la Nairobi alisimamisha gari katikati ya njia, akidhani amepigiwa filimbi, kumbe ni Gershom anapandisha ubeti. Na yuko mama mmoja wa Kipevu anayesema mbuzi wake walikuwa hawakubali kukamuliwa mpaka wamsikie. Gershom akiulizwa habari za mbuzi hao hujibu, "Siwajui." Zamani, wasema rafiki zake, angesema anawajua kwa majina.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya miwa.

Ilikuwa katikati ya mwaka huu wa 1946. Manowari zilikuwa zimekwisha kuondoka Kilindini, mizigo imepungua, na genge la Gershom lilikuwa bado na watu ishirini. Siku hiyo kumi kati yao walipelekwa stesheni kusukuma mabehewa. Miongoni mwao alikuwa Kioko, Mkamba mrefu mwenye maneno mengi, ambaye ni jirani na mtani wa Gershom tangu siku alipoteremka kutoka Machakos akiwa na godoro kichwani. Waliporudi mchana, jasho linawatiririka, walikuta wenzao wamelimaliza behewa zima na wameketi wanatafuna miwa.

"Mmemaliza?" akauliza Kioko. "Ninyi wenyewe?"

Gershom hakumjibu kwa maneno ya kawaida. Alipanda mlangoni mwa behewa tupu, muwa mkononi kama fimbo ya hakimu, akaimba:

"Kumi tu!"

Wenzake wakadaka papo hapo: "Twatosha!"

"Ishirini?"

"Wa nini!"

Kioko alicheka hata akashika nguzo. Ulikuwa utani, na utani mzuri haulali. Kesho yake genge zima liliuimba, wote ishirini, na hao waliotaniwa ndio walioitikia kwa nguvu zaidi. Ukawa wimbo wa kila behewa. Hata Mzungu mkubwa wa ghala, kila akipita, alipigapiga kiatu chake kwa fimbo, akifuata mapigo.

Siku moja akamwuliza karani wake wasema nini watu hawa. Karani akamfasiria. Hakuongeza neno, hakupunguza neno. Ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Mwisho wa mwezi yalisomwa majina ya watu kumi, wakaambiwa wasirudi. Walikuwa ni wale wale waliopelekwa stesheni siku ya miwa. Kioko aliinua mkono akauliza kosa lao ni nini. Karani, amesimama ubavuni mwa bwana wake, akajibu kwa Kiswahili safi kabisa:

"Bwana asema, ninyi wenyewe mwaimba kila siku. Kumi wanatosha."

Gershom anakumbuka kwamba masikio yalimwaka moto kwanza, halafu shingo, halafu mikono, kana kwamba hata mikono ilikuwa imeimba.

"Nilitamani behewa linipitie juu," anasema. "Kioko alinitazama mara moja. Si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya."

Nyapara Rama, ambaye amekula chumvi nyingi kwenye maghala, ana maoni yake. Anasema watu wangepunguzwa tu, wimbo au bila wimbo, maana unga wa jeshi unakwisha na ghala lenyewe laelekea kufungwa kabla ya Krismasi. "Mzungu alikuwa amekwisha kuamua," anasema. "Wimbo ulimpa tu maneno ya kusemea."

Gershom amesikia hayo mara nyingi na hayamfai.

"Yawezekana," anasema. "Lakini hata kama jambo lenyewe lilikuwa njiani, mimi ndiye niliyelifungulia mlango. Tena kwa sauti nzuri."

Chumba chake na cha Kioko viko safu moja, milango mitatu imewatenga. Kwa hiyo Gershom amebuni njia mpya ya kurudi nyumbani. Anafuata reli, anapita nyuma ya makaburi, anakatiza shamba la mihogo la watu, na kutokea uani kwake kama mwizi. Mkewe, Sidi, amechoka naye.

"Baba watoto," alimwambia juzi, "siku hizi ukitaka kwenda chooni wapitia Mazeras."

"Nyamaza, Sidi. Watu watasikia."

"Wasikie nini? Wameshasikia wimbo mzima!"

Sidi mwenyewe hajasalimika. Bombani hukutana na Mueni, mke wa Kioko. Wanawake hawa ni hirimu moja, walikuwa wakitukanana kwa mapenzi kila asubuhi na kuazimana chumvi bila kupima. Sasa Mueni humwona akija, husogeza debe lake pembeni, hupiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, mama mkubwa."

"Afadhali angenimwagia maji," anasema Sidi. "Shikamoo! Mimi na yeye tumezaa mwaka mmoja!"

Na kama hayo hayatoshi, watoto wa mtaa wameuokota wimbo. Wanaruka nao kamba jioni, mmoja anauliza na wengine wanajibu, wa Kioko na wa Gershom wakishikana mikono, hawajui wanaimba nini. Gershom husikiliza akiwa ndani, mlango umefungwa na joto lote hilo.

Wiki ya pili alipata wazo aliloliona la kiungwana. Alikwenda kwa karani, kofia mkononi, akasema anataka kuacha kazi ili nafasi yake apewe Kioko. Mshahara wa Gershom ni shilingi arobaini kwa mwezi na unalisha watu sita, kwa hiyo hakuwa amekwenda kucheza.

Karani alifunga daftari lake. "Bwana Gershom, ukiondoka wewe hatuandiki mtu. Watabaki tisa. Na nakuomba, usije ukawatungia wimbo wa tisa."

Aliporudi nyumbani na kumsimulia mkewe, Sidi aliweka mwiko chini.

"Ulikwenda kumpa Kioko kazi, au ulikwenda kujiondolea aibu?"

Gershom anasema swali hilo anatembea nalo mpaka leo.

Wakati huo wale kumi hawakuwa wamekaa bure. Mmoja wao, Jefwa, alirithi kwa babake ufundi wa chokaa, na kwa kuwa saruji imekuwa adimu tangu vita, alipata kazi kwa Bi Mwanatabu, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita upande wa pili wa reli. Kazi ilikuwa kupiga sakafu. Chokaa humwagwa pamoja na kokoto na mchanga, kisha watu husimama safu na kuishindilia kwa magongo bapa ambayo mafundi huyaita vipande. Ni vipande vya mbao, si vile vyeti vya kazi vya serikali ambavyo mtu hutembea navyo shingoni. Magongo yote yatue pamoja, ndipo sakafu ikae sawa.

Na ili yatue pamoja, lazima mtu aimbe.

Jefwa aliimba yeye. Jefwa ana mikono ya dhahabu, lakini akianza wimbo hata yeye hajui utaishia wapi. Magongo yakatua kila moja na wakati wake. Chumba cha kwanza kilipokauka, Bi Mwanatabu alikuja kutazama, akaita watu wote waje washuhudie.

"Nimewaajiri mnipigie sakafu, wanangu, si mnitilie bahari ndani ya nyumba! Wallahi, kuku wangu ameingia humu akatoka anatapika!"

Inasemekana aliweka yai kizingitini, nalo likashuka, likapanda, likapinda kona na kufika jikoni lenyewe. Chumba kikavunjwa, kazi ikaanza upya, na bibi akasema kikiharibika tena wataondoka wote.

Habari hizo Sidi alizipata bombani. Mueni alikuwa amedhamiria kutosema naye, lakini yai lile lilimshinda. Alianza kusimulia kwa shikamoo na kumaliza akiwa amejishika mbavu begani kwa Sidi. Kisha akakumbuka kwamba wamegombana, akajitwika debe lake akaenda zake.

Sidi alimfikishia mumewe, neno kwa neno. Akaongeza moja lake: "Usiende na maneno. Enda na mikono."

Jumamosi, kazi ya ghala ilipokwisha mchana, Gershom hakupita makaburini. Alishika njia kuu, akavuka reli, akaingia uani kwa Bi Mwanatabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye koo?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Wako ndani, waniharibia chumba mara ya pili."

Wale kumi walimwona akisimama mlangoni, wakaacha kupiga. Alikuwa amejiandalia hotuba tangu ghalani, nusu yake imetoka kwenye mahubiri ya Rabai. Yote ilimpotea. Aliona kipande kimoja kimeegemezwa ukutani, akakichukua, akaenda kusimama mwisho kabisa wa safu, karibu na kona, mahali pa mwanafunzi. Hakuna aliyemsogezea nafasi, na hakuna aliyemfukuza.

Jefwa akaanzisha wimbo wake. Magongo yakatua ovyo, kama mvua juu ya mabati. Akaanzisha tena. Hivyo hivyo. Watu wakaanza kutazama kona, lakini Gershom alikuwa ameinamia chokaa, midomo imebanwa.

Ndipo Kioko, aliye katikati ya safu, akainua gongo lake juu. Hakumtazama mtu. Kwa sauti yake kavu, isiyo na ladha yoyote ya muziki, akaita:

"Kumi tu!"

Halafu wenzake, mmoja mmoja, kama watu wanaojaribu maji kwa vidole: "Twatosha."

"Kumi tu!"

"Twatosha!" Sasa wote, na magongo yote juu.

Kioko akageuka, akamtazama Gershom machoni, mara ya kwanza tangu siku ya majina.

"Kumi na mmoja?"

Hakuna aliyeitikia. Watu kumi, magongo hewani, walisubiri. Gershom alifahamu kuwa jibu ni lake peke yake, na jibu lilikuwa moja tu: utani aliowatungia wao, sasa ajitanie nao mwenyewe. Uso ulimwaka kama siku ile. Koo, lile la msumeno, likafunguka nusu.

"Wa nini!" akaitikia.

Kicheko kilitoka na magongo yakashuka pamoja. Pu! Mara moja, kishindo kimoja, hata vikombe vya Bi Mwanatabu vikagongana kabatini.

"Ehee!" bibi akapaza sauti kutoka uani. "Hiyo sasa ni sakafu!"

Chumba kile kimekauka, na ukiweka yai humo linakaa pale pale ulipoliweka. Bi Mwanatabu amelisifu genge hilo kwa jamaa zake wa Likoni, nao wanazo nyumba tatu za kupigwa sakafu. Gershom amemwarifu Rama kwamba mwezi huu ndio wake wa mwisho ghalani. Wale tisa wanaobaki, ambao nao wanaihesabu Krismasi inavyokaribia, wamemwomba awawekee nafasi Likoni.

Kioko akiulizwa kama amemsamehe jirani yake hujikuna kidevu. "Hilo sijalisema. Nimesema aje na kipande chake."

Gershom hadai zaidi ya hapo. Ana wimbo mpya anaoutunga kichwani, na anatumaini siku moja wenzake watamtaka auanzishe bila yeye kuomba. Una mvua ndani yake, una samaki, una mama mkwe wa Jefwa.

"Lakini hesabu," anasema, "hamna hata moja."

Mpaka siku hiyo ifike, anayeanzisha ni Kioko, kwa sauti ya mbuzi aliyenyongwa na kamba yake. Gershom yuko mwisho wa safu, kwenye kona, anaitikia.