Mama Yenu Yuko Wapi?

Nilifunga safari kwenda kumsilimisha baba yangu kabla hajafa. Mdogo wangu Petro, mwinjilisti wa Endasak, alikuwa anakwenda kumbatiza. Tulizaliwa boma moja la wafugaji, ng'ambo ya Basotu. Mimi niliolewa na Mwislamu mwenye duka la vitenge Katesh. Petro aliokoka akiwa shuleni. Baba alibaki na Aseeta, Mungu wa wazee wetu.

Tulikutana Katesh asubuhi. Mvua ilikuwa imezuia magari, tukapata bodaboda moja tu. Tukapanda mshikaki: dereva mbele, Petro katikati, mimi nyuma.

"Dada, usimchanganye mzee," Petro alisema. "Njia ni moja."

"Hata mimi nasema ni moja."

"Basi mmoja wetu amepotea."

"Ndiyo. Na si mimi."

Dereva akatuomba tunyamaze, pikipiki ilikuwa inateleza.

Baada ya Basotu, udongo mweusi ulinata kwenye magurudumu, tukashuka kusukuma. Kwenye korongo maji yalipita kwa nguvu. Petro akaninyooshea mkono. Niliushika, nikavuka, na hasira yangu nikavuka nayo.

Mchana tulifika bomani. Mke mdogo wa baba alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingieni. Tangu asubuhi anawaulizia. Msimchoshe, jamani."

Baba alikuwa amelala kwenye ngozi, kifua kikikoroma. Hata kukaa hatujakaa, Petro alishafungua Biblia. Nami nikapiga magoti upande wa pili, nikasogeza mdomo sikioni mwa baba. Akainua mkono.

"Ngojeni," alisema kwa Kidatoga. "Mama yenu alikufa bila maji ya Petro, na bila maneno yako wewe. Yuko wapi?"

Nilijua Petro anachohubiri Endasak. Nilijua pia nilichofundishwa mimi.

"Petro. Yuko motoni?"

Petro aliinamia Biblia yake. Nje ndama alikuwa analia.

"Baba, sijui," alisema.

"Na wewe?"

Nilikuwa na jibu tayari tangu Katesh.

"Sijui, baba."

Alitutazama kwa zamu. Alikuwa anaogopa, na sikuwa nimewahi kumwona baba akiogopa kitu.

"Mimi pia sijui. Lakini sitaki kwenda mahali nisipomkuta. Nizikeni ubavuni mwake, kwa mila. Niahidini."

Kuahidi maana yake ni kusimama kwenye matambiko ambayo kanisa la Petro linayakataza, na msikitini kwetu vilevile. Petro akanitazama, akaahidi. Nami nikaahidi.

Jioni tulirudi. Tulipita korongo, tukapita Basotu, hakuna aliyetaja dini.

Baba alifariki mvua zilipokuwa zinaisha, tukamzika alivyotaka. Petro alisimamishwa kuhubiri kwa muda. Mume wangu alininunia hadi majirani wakajua.

Sijaacha dini yangu, wala Petro yake. Bado naamini kweli haiwezi kuwa mbili, na tukikutana tunabishana mpaka chai inapoa. Lakini siku ile, mbele ya baba, hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumpeleka mama motoni ili dini yake ishinde. Mpaka leo sijui kama hapo imani ilitupungukia, au ilituzidi.