Aliyenikataza Kuosha Bwana Yangu Ameacha Neno Nimwoshe Yeye

Sasa wametuma tena. Ya kwanza ilikuwa asubuhi. Ati nikuje nioshe huyo mama, kaburi imeshachimbwa, watu wa msikiti wanangoja wamsalie baada ya adhuhuri. Mimi nimekaa hapa kwa mlango na chai yangu, siendi mahali. Huyu ananiandikia ni jirani yangu Mama Shiru, Mkikuyu wa mitumba, hajui maiti yetu inaoshwa aje, lakini simu anajua. Nyinyi wa hii peji ya maswali ya dini mfiche jina yangu, Kisumu ni ndogo na Waislamu tunajuana.

Miaka yangu ni sabini na kitu. Nilizaliwa huko Sondu, kwetu ni Wakristo, nikaolewa hapa mjini na Mwislamu, nikasilimu, kazi yangu ilikuwa kuuza samaki. Huyo amekufa ni dada ya bwana yangu. Tumwite Shangazi, watoto wangu walikuwa wanamuita hivyo.

Bwana yangu alipokufa nilitaka kumwosha mimi. Dini inaruhusu bibi aoshe bwana yake, Maalim mwenyewe alisema, "Mwacheni, ni haki yake." Shangazi akasimama kwa mlango, leso amefunga kiunoni kama mtu wa vita. "Wewe? Mjaluo umesilimu juu ya pilau? Hiyo mikono imeshika samaki tangu asubuhi ndio iguse ndugu yangu?" Mbele ya watu! Wengine walicheka, nawajua, wengine nimeshawaosha. Nikafukuzwa nyuma ya nyumba. Nikasikia tu maji ikimwagika. Huyo mtu tumezeeka pamoja na sikumshika hata kidole.

Na watu wangu wa Sondu nao, wacha tu. Walifika jioni na mbuzi, wakapata ameshazikwa. Ndugu yangu akaniuliza, "Nyamera," yaani dada yangu, "mlikuwa mnamficha asionwe na nani?" Kwao matanga ni wiki nzima, ng'ombe na muziki. Kwa hivyo huku nimefukuzwa, huku nimelaumiwa.

Hapo ndio nikasema, wewe mama, siku moja utalala kwa ubao ya kuoshea maiti, na mimi nitakuwa hapo.

Nikaenda Kibos kwa bibi mmoja Mnubi, mwoshaji wa zamani. Mimi sikusoma, alif siijui kwa macho, nashika na masikio. Akanifundisha kuanza upande wa kulia, kufunika mwili isionekane uchi, kafuri, pamba, sanda ya mwanamke inafungwa aje. Hata swala zangu nikazinyoosha, Alfajiri siachi. Watu wakasema, "Mashallah, huyu mama amebadilika." Hawajui ni hasira ilikuwa inaniamsha! Huyo bibi akaniambia, "Ukiona kitu kwa maiti, alama ama ugonjwa, hiyo kitu inakufa na wewe." Nikasema eeh. Kwa roho nikasema, isipokuwa mmoja.

Sasa wanawake wa huku wakifa naitwa mimi. Kila Idi nikiona Shangazi amekaa na bangili zake, nilikuwa nampima na macho, sanda yake itakuwa urefu gani. Wallahi. Nilikuwa nangoja wakuje kuniita nikatae mbele ya watu, vile alinifanyia.

Basi asubuhi binti yake akakuja. Nikamuuliza, "Kwani waoshaji wameisha Kisumu?"

Akasema, "Mama, ni yeye alisema kitandani. 'Nikifa mniitie yule wa samaki. Mwingine asiniguse.'"

Mnasikia? Yule wa samaki! Hata jina hakutaja. Nisamehe hakusema. Na vile amesema hivyo, amenichukulia hata kukataa kwangu. Nikikataa sasa, watu watasema mama mzee amekataa neno ya mwisho ya maiti.

Mama Shiru ananiambia, "Si ukatae tu! Kwani atakushtaki wapi?" Mama Shiru, wewe andika.

Yeye ameenda kujibu yake. Maalim husema kila mtu atabeba yake, siku hiyo hakuna wa kukusaidia. Sasa mimi nauliza yangu. Hizo swala zote, hizo maiti zote nimeosha, kama zilianza na kisasi, niko na kitu kweli kule mbele? Na nikienda na hii roho, nione alama kwa mwili yake, mdomo yangu nitaiweza? Nyinyi mmesoma dini, mko na roho safi, niambieni. Niende, ama niachie wengine wamwoshe vile watajua? Mjibu haraka, maiti haikai na hii jua ya...

Nani huyo?

"Mama! Maji imeshapata moto, tunangoja wewe tu!"

Ni binti yake tena, yuko hapo kwa geti, analia, hata viatu hana.

Nakuja! Usilie kwa njia, nakuja. Mama Shiru, nipe mkono nisimame, hii magoti. Kusamehe sijasema, andika hivyo. Nitamwosha vizuri mpaka aone haya. Tuma, tuma tu hivyo.