Chango la Dorotea

Mimba ya pili ya Dorotea ilipoharibika, mama mkwe wake, Jenoveva, hakulia. Alisema ni chango. Huko Bukima kila mwanamke amesikia habari zake: mnyama anayejikunja ndani ya mji wa mimba na kumla mtoto kabla hajapata sura.

Dorotea, fundi cherehani aliyeolewa kutoka Mwitongo, Butiama, alimsikiliza huku akikunja pindo la sketi ya mteja. Tangu siku ile ya damu, maneno ya watu yalimfikia kana kwamba yanasemwa nyumba ya jirani.

Jenoveva alitoa masharti mbele ya mwanawe, Pastory: ama chango litibiwe, ama binti wa watu arudi kwao. Bunda yuko mganga anayelijua. Pastory, aliyekuwa akishona wavu uliochanika, alisema labda waanze hospitali. Akaendelea kushona.

Basi Dorotea akaenda Musoma, kwenye zahanati moja ya Kamunyonge. Mlango wa chumba cha matibabu ulikuwa wazi na foleni ilisikia kila kitu. Muuguzi, Lucy, alimuuliza anaumwa nini.

"Nina chango."

"Chango lipi, dada? Utumbo wenyewe au minyoo? Mimi darasani nilifundishwa hayo mawili tu."

Mtu kwenye foleni akacheka. Dorotea alikuwa na la tatu, lakini kulisema kungemlazimu kuwataja watoto wake wawili mbele ya watu wasiomjua. Aliutafuta uchungu wa kuwapoteza ili umsukume. Hakuukuta.

"Minyoo," alijibu.

Akapewa kidonge, akakitafuna palepale kama alivyoelekezwa.

Jioni Jenoveva alimfuata jikoni kuuliza alikotoka kumekuwaje. Dorotea alisema amepewa dawa ya chango. Neno lilikuwa lilelile, hakuona alipodanganya. Uso wa mama mkwe ukakunjuka. Kumbe hata hospitali siku hizi wanalijua, alisema, na yeye amekuwa akiwasema vibaya bure. Akamwita Pastory aje asikie.

"Limekufa kweli?" akauliza. "Maana hilo linajifanyaga limelala."

"Limekufa, mama."

Jenoveva akamkumbatia, akamwita mwanangu, akatangaza kwamba safari ya Bunda imekwisha na habari ya kurudi Butiama isitajwe tena. Pastory alitabasamu, akatoka kwenda kuwasimulia wenzake.

Dorotea alisimama ndani ya mikono ile, yake mwenyewe ikining'inia tu. Nyumba alikuwa ameipata. Lakini mimba nyingine ikija, nayo ikatoka, hapatakuwa na mnyama wa kulaumiwa. Amemuua kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Atakayebaki kuulizwa ni yeye.

Alingoja hofu imshike. Haikuja. Jenoveva alipomwachia, Dorotea aliugeukia moto, akaendelea kusonga ugali.