Shimo la Udongo la Kina Nakijwa

Siku yangu ya kwanza kazini milimani Same nilipanda na viatu vya kisigino, faili kwapani. Mimi ni Mpare wa tambarare, wa Kileo. Nilidhani najua kila kitu. Nilikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, kazi yangu kuwasajilia wanawake vikundi vya biashara: katiba, yaani kanuni za kikundi, kisha muhtasari wa kikao, kisha andiko la mradi.

Wafinyanzi hawakuningoja. Nakijwa na wenzake walichoma vyungu vyao na kuviteremsha wenyewe hadi soko la Same, vikaisha kabla ya adhuhuri. Walitaka usajili tu, ili wapewe banda la kudumu pale sokoni.

Mkuu wangu, Afisa Maendeleo wa Wilaya, alisoma andiko akalirusha mezani. "Udongo unatoka wapi? Nataka sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, awe ameliona eneo kwa macho yake."

Nilipomweleza Nakijwa, alitikisa kichwa. "Dada, kule mwanamume hafiki. Akifika, vyungu vinapasuka motoni. Ndivyo ilivyo tangu bibi zetu."

"Mila hizi ndizo zinazowarudisha nyuma," nikamjibu mbele ya wenzake. Loo, ulimi wangu! Kwa kuheshimu ofisi, akakubali. Kesho yake akatuongoza shimoni, mimi na mwenyekiti. Mwenyekiti alichota udongo, akauminya, akatabasamu. Mimi nilikuwa najaza fomu.

Usajili ulitoka, na banda likatoka. Mvua zilipokatika, shimo likagawiwa mfyatua matofali, shemeji yake mwenyekiti. Hapakuwa na vyungu vya kupasuka tena. Nilipolalamika, mkuu aliniambia, "Kikundi kimesajiliwa. Kazi yako imekwisha." Mwaka ule nikapandishwa cheo.

Nimestaafu kwa cheti na picha ya pamoja. Nyinyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa fomu. Mimi nina uchungu, wala siuonei haya: wanaume waliliogopa shimo lile miaka yote, na aliyewatoa hofu ni mimi.

Juzi nilimkuta Nakijwa katika banda lile lile, anauza ndoo za plastiki, mali ya tajiri mmoja. Nikamwomba anifinyangie chungu cha makande.

"Udongo una mwenyewe siku hizi, afisa," akasema. Akanichagulia ndoo nyekundu, akaifuta vumbi kwa kanga yake, akanipa.