Mwaka Niliotaka Kupunguziwa

Mwaka mmoja mzima, mwanangu, na nimeuhesabu mara mbili: hiyo ndiyo bei niliyolipa zaidi ya wenzangu ili niwe mhandisi. Siku niliyotajiwa bei hiyo bado naikumbuka. Nilikuwa dirishani pa chuo kimoja katikati ya jiji, karani akaniambia alama zangu za fizikia hazitoshi kuingia digrii moja kwa moja. Nianze na mwaka wa maandalizi. Nikifaulu, naingia, nisipofaulu, narudi nyumbani.

Nyumbani kwetu Woodley, kanisa lilikuwa limeshanichangia na kunipigia makofi kama injinia. Ningewaambiaje kwamba naenda kurudia fizikia ya sekondari?

Lakini mimi nimelelewa kwenye kibanda cha mama, tukiuza matumbo soko la Dagoretti. Bei ya kwanza sijawahi kulipa. Nikamfuata mkuu wa idara, mzee mpole kutoka Kakamega, nikaanza kubishana bei.

"Mwalimu, tuseme miezi minne."

"Minne?"

"Sita basi, na maabara tuiache."

"Na karo?"

"Karo nitalipa yote." Hapo nilidhani nimemmaliza.

Akavua miwani. "Binti, kila Jumamosi niko sokoni. Nimeona watu wakilia bei ishuke. Wewe ndiwe wa kwanza ninayemwona akilipia kilo na kuomba apimiwe nusu. Mama yako anajua unafanya biashara hivi?"

Mama angenifukuza kibandani. Nikajiandikisha mwaka mzima, maabara na yote.

Haukuwa mwaka mtamu. Rafiki yangu Akinyi, aliyeingia digrii moja kwa moja, alikuwa akinikuta kwenye ngazi: "Niaje, injinia wa kesho kutwa." Nacheka naye, kisha napanda maabara. Kila jaribio nalifanya mara mbili hata likikubali mara ya kwanza, maana mizani nazijua. Kipimo cha kwanza hupenda kujipendekeza. Nikafaulu. Mwaka uliofuata Akinyi huyo huyo alikuja na daftari lake, hesabu za mihimili zimemshinda, kumbe msingi wake ni fizikia ileile niliyoirudia. Tuliketi siku tatu mpaka akaelewa. Sikumtania. Sana.

Leo kuna maghorofa Kileleshwa yaliyosimama kwa hesabu zangu. Nikipita hapo natembea polepole, na sioni haya kukiri ni maringo.

Basi sikia, mwanangu uliyeambiwa uanze na mwaka wa maandalizi kama mimi. Cha mvunguni sharti uiname, na kuinama si kuanguka. Usiwafiche watu wako kwamba unaanza chini. Waambie mapema, watazoea kabla yako. Bishana bei ya viatu, ya nyumba, hata ya nauli wakati wa mvua. Masomo yachukue yote, uombe na nyongeza.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kukaa kitini. Nasaha hii nayo si ya bure. Ukishaingia digrii, tafuta mmoja aliyekwama, keti naye mpaka aelewe. Ukimaliza na huyo, nakudai wa pili.